Tunda likichumwa bado linapumua

Nauza maembe jijini Dar es Salaam, na kila msimu nasikia lawama zilezile: mzigo ukioza, dereva kachelewa, barabara mbovu, mkulima kachuma vibaya. Yote yapo. Lakini mharibifu mkubwa ni joto, na joto hilo tunalipalilia wenyewe.

Embe halifi likichumwa. Linavuta oksijeni, linachoma sukari yake na kutoa hewa ya ukaa, maji na joto. Mtini lilikuwa likilishwa. Sasa linakula akiba yake. Lori la Tabora likishusha mzigo uliofunikwa turubai gubigubi, tumbukiza mkono katikati ya tenga. Utakuta fukuto, na maganda yameloa ilhali mvua haikunyesha. Hiyo ni pumzi ya maembe yenyewe. Na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyozidi kupumua: nyuzijoto 10 zikiongezeka, kasi hupanda mara 2 au hata 3.

Isitoshe, embe linaloiva hutoa gesi ya ethilini, inayoliamsha na la jirani. Bibi zetu waliijua kazi hiyo bila kuijua gesi: walivundika ndizi mahali palipozibwa, zikaiva pamoja. Nyumbani, huo ni ufundi. Ndani ya lori, ni hasara, kwa sababu embe lililopondeka hutoa gesi hiyo kwa wingi na kuyaharakisha yaliyo mazima.

Wapo wanaosema dawa ni vyumba vya baridi. Vinasaidia, ila baridi nayo ina kipimo. Ndizi ikikaa chini ya nyuzijoto 13 ganda huwa jeusi, na embe bichi hushindwa kuiva vizuri. Kabla ya mitambo hiyo, tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu: tuchume alfajiri, tupakie kwenye kreti zenye matundu badala ya kushindilia matenga, tuache mwanya chini ya turubai, na tunda lililopondeka litolewe mapema.

Linalotushinda sisi wachuuzi ni kivuli. Mzigo uliosafiri usiku kucha unashushwa kwenye jua la saa sita, na hapo jitihada zote za njiani zinapotea. Halmashauri zinatutoza ushuru wa mazao kila msimu. Naziomba sehemu ya fedha hizo ijenge paa penye kushushia matunda, kabla maembe ya msimu ujao hayajafika.