Umeme wa jirani na maji ya Usambara

Mjadala wa Tanzania kununua umeme wa Ethiopia unaishia kwenye laini ya kilovolti 400 itokayo Isinya, Kenya, hadi Singida kupitia Namanga. Kununua kwa jirani si aibu: Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, lakini liko Rufiji, na sehemu ya umeme hupotea njiani kabla haujafika kaskazini.

Lakini katika mjadala huo Milima ya Usambara, chanzo cha maji ya umeme, inasahaulika mno. Mkomazi na Luengera huteremka kutoka huko na kuingia mto Pangani, ulio na kituo cha umeme cha Hale, cha megawati 21, tangu miaka ya 1960. Mto Umba nao huanzia msitu wa Shagayu, Lushoto, na kuvuka mpaka hadi Vanga, Kenya.

Ili kulinda vyanzo vya mito hii, mkulima wa Mlalo, Lushoto, anayepanda kabichi hadi ukingoni mwa mto anahitaji kusaidiwa, si kufukuzwa. Mikataba ya umeme itenge fedha za vyanzo hivyo.