Paka akimparua mtoto, dawa si kumtoa kucha

Kariakoo paka hafugwi kwa urembo. Maduka ya chini yamejaa magunia ya nafaka, mitaro iko nje ya mlango, na panya hawana likizo. Ndiyo maana familia nyingi hukaa na paka ndani, hata zile za ghorofani zenye watoto wadogo.

Tatizo huanza mtoto anapovuta mkia na paka akamparua shavuni, karibu na jicho. Baba anataka paka aondoke leo leo, watoto wanalia. Mama, aliyeona kwenye simu kwamba Marekani wapo wanaowatoa paka kucha, anauliza kwa nini huyu naye asitolewe ili abaki.

Swali hilo linatokana na huruma, lakini mzazi ajue kwanza kinachofanyika. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. Ili usiote tena, daktari hukata mfupa huo. Ni kama mtu kukatwa ncha za vidole vyote kwenye kiungo cha mwisho. Kwa miguu ya mbele pekee, hivyo ni vidole 10.

Isitoshe, mtoto hapati usalama uliotafutwa. Paka asiye na kucha hubakiwa na meno, na jeraha la meno huingia ndani zaidi. Uingereza imepiga marufuku upasuaji huo kama hakuna sababu ya kitabibu, na jimbo la New York lilifuata mwaka 2019. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu ya msingi.

Kinachosaidia ni rahisi zaidi. Kila baada ya wiki mbili au tatu, mtu mzima ampakate paka akiwa ametulia, abonyeze kidole taratibu ukucha utokeze, kisha akate ncha nyeupe tu. Sehemu ya pinki ina mshipa wa damu, isiguswe. Ili makochi yapone, kipande cha ubao kizungushiwe kamba ya katani na kiwekwe pale pale paka anapopenda kunoa kucha.

Mtoto naye afundishwe: paka hashikwi akila, akilala wala akinyonyesha, na mkia wake si kamba. Mtoto mchanga asiachwe peke yake na paka.

Akiparuliwa au kuumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya, hasa kama paka hana chanjo au hajulikani atokako. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia, na dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo. Paka wa nyumbani achanjwe kwa daktari wa mifugo.

Na ikiwa baada ya yote hayo mtoto bado yuko hatarini, wazazi wana haki ya kusema basi. Paka apelekwe kwa shangazi au rafiki asiye na mtoto mdogo. Huko ataendelea kuwinda panya, akiwa na vidole vyake vyote.