Kiongozi Hupimwa kwa Palizi

Mwezi Mei 1972, TANU ilipotoa Azimio la Siasa ni Kilimo mjini Iringa, Njombe ilikuwa wilaya ya mkoa huo. Leo Njombe ni mkoa kamili, tangu 2012, lakini fundisho la Azimio halijachakaa: anayehimiza kilimo sharti naye akijue kilimo. Basi atakaye kumfahamu kiongozi asiishie kwenye hotuba zake. Aitazame bustani yake.

Yupo bwana mkubwa wa sherehe. Hufika na msafara, akachimbiwa shimo, akakabidhiwa mche, akapigiwa makofi, akaondoka. Katika mji wa upepo kama Makambako, mche usiotegemezwa wala kumwagiliwa hauna maisha marefu. Lakini bwana mkubwa harudi. Amekwenda kupanda mwingine. Ndivyo anavyoongoza na ofisi: miradi mingi hufunguliwa, haimaliziki hata mmoja.

Yupo pia mnyapara. Bustani yake inapendeza, lakini jasho si lake. Ni la wanafunzi na watumishi walio chini yake. Huyu ameigeuza Elimu ya Kujitegemea ya 1967 kuwa elimu ya kumtegemeza mkubwa. Mwongozo wa 1971 ulikwisha kupiga marufuku dharau na uonevu wa namna hii.

Kinyume chao ni mama wa Njombe mwenye kinyungu bondeni. Kiangazi hutumia unyevu wa bonde, hupalilia bila kushangiliwa, wala haulaumu mche kwa magugu aliyoyaacha mwenyewe. Viazi humpa mavuno kwa miezi michache. Mparachichi uliobebeshwa humngojesha miaka mitatu hivi. Hupanda vyote viwili, maana watoto watakula leo na kesho pia. Huo ndio uongozi.

Watasema wengine kwamba mkubwa hana nafasi ya kushika jembe. Mwalimu Nyerere alilishika akiwa Rais, na alipong'atuka mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Kinachokosekana si nafasi, ni unyenyekevu.

Walimu na watumishi wa umma wasiwe wapiga makofi wa mashimo. Mkubwa akija kupanda mti, aulizwe kwa heshima: ule wa mwaka jana u hali gani? Kupanda ni kazi ya dakika tano. Palizi ndiyo uongozi, na asiyeiweza aachie jembe wenye nalo.