Saa ya Mzee Si ya Kuogelea Shelly Beach

Wasee wangu wa Likoni na Changamwe, hii stori ya "imeandikwa mita 50, ruka nayo majini" wacheni. Mimi niliiamini. Nikachukua kronografu ya mzee, ile ya kutia ufunguo aliyorudi nayo kutoka Dubai, nikaogelea nayo Shelly Beach. Humo majini nikabonyeza batani ya kuhesabu sekunde, eti narekodi video. Fundi wa Kisauni alipoifungua, vyuma vya ndani vilikuwa vishaanza kutu.

Mita 50 ni presha ya maabara, saa ikiwa mpya na imetulia. Ringi zake za mpira huzeeka, na ukibonyeza batani majini unaifungulia bahari mlango. Hata Omega Speedmaster Professional, ndugu ya zile zilizotua mwezini 1969, ni mita 50 tu.

Na nyinyi mnaozificha kabatini, mwanikera pia. Ivae! Panda nayo feri, panda nayo matatu. Ukirudi, futa jasho na chumvi kwa kitambaa laini. Asubuhi itie ufunguo, ikikaza usilazimishe.

Mzee hajaniuliza saa iko wapi. Huangalia tu mkono wangu.