Afrika Kusini na nyuklia: urani ipo, mafundi wako wapi?

Katika mpango wake wa umeme wa Oktoba 2025, serikali ya Afrika Kusini inataka kuongeza megawati 5,200 za nyuklia. Wengi wanauliza bei. Swali zito zaidi ni hili: nani atatengeneza fueli?

Urani si tatizo. Tangu 1952 migodi ya dhahabu ya pembezoni mwa Johannesburg imetoa urani pamoja na dhahabu. Lakini urani ya mgodini haiwashi taa. Husafishwa, hurutubishwa, kisha huundwa kuwa fueli, na kila aina ya kinu ina fueli yake. Kwa mfano, baadhi ya vinu vya nyutroni za kasi hutumia fueli ya metali. Urani huyeyushwa pamoja na zirkoniamu, ikamiminwa kwenye kalibu, na vijiti vinavyopatikana hutiwa ndani ya mirija ya chuma pamoja na sodiamu ili joto lipite vizuri.

Pelindaba, mwendo wa kama saa moja kutoka Johannesburg, walikuwa na ufundi wa jamii hii. Marekani ilipowakatia fueli ya kinu cha SAFARI-1 katika miaka ya 1970, mafundi wa huko walijifunza kuchanganya urani na aluminiamu wenyewe. Hofu ya Marekani ilikuwa na msingi: utawala wa makaburu uliunda mabomu sita, yakavunjwa kabla ya nchi kujiunga na mkataba wa kuzuia silaha hizo mwaka 1991.

Baadaye ufundi nao ukaachwa. Kiwanda cha fueli ya kituo cha Koeberg kilifungwa katika miaka ya 1990. Mradi wa kinu kipya, PBMR, ulikatiwa fedha mwaka 2010, baada ya kutumia randi zipatazo bilioni 9. Mafundi wakatawanyika, wengine ng'ambo. Leo fueli ya Koeberg hununuliwa nje.

Sisi wa Ghuba tunaijua njia nyingine. Mwaka 2009 Imarati iliahidi kutorutubisha urani, na vinu vinne vya Barakah, vinavyotoa karibu robo ya umeme wa nchi, hutumia fueli ya kununua. Huo ulikuwa uamuzi, na fedha zake zilitengwa. Afrika Kusini ilijenga, ikabomoa, na sasa inataka kujenga tena.

Tanzania, yenye urani Namtumbo, mkoani Ruvuma, ina la kujifunza hapo. Kabla ya kuuliza mgodi utatoa tani ngapi, tuulize vijana wetu wangapi watasomeshwa kazi hii, na wakihitimu watafanya kazi wapi. Urani inaweza kungoja ardhini. Fundi asiye na kazi hangoji.