Chungu cha Wachina si chungu, ila uchunge bakuli

Neno hotipoti likitajwa katika nyumba nyingi za Kenya, kinachokujia akilini ni kile chombo chenye kifuniko kinachozuia chapati zisipoe wageni wanapochelewa. Kwa hivyo usinicheke nikikwambia kwamba kifungua mimba wetu alipotangaza kuwa anatupeleka kula hotipoti ya Kichina, nilimwuliza kama tubebe chapati zetu.

Binti alikuwa amepokea mshahara wake wa kwanza, na alitaka kutushukuru mimi na babake kwa miaka yote ile ya karo. Mkahawa aliuchagua kwa makusudi. Mzee wangu ana ugonjwa wa presha. Daktari alimwamuru apunguze chumvi na mafuta, na tangu siku hiyo nyama choma ya Jumamosi imekuwa hadithi nyumbani kwetu. Basi binti akasikia kwamba kuna mahali mtaani Kilimani pa watu wanaojali afya, ambapo hakuna kinachokaangwa, mboga ni tele na nyama huchemshwa tu. "Baba, leo utakula mpaka ushibe na daktari asiwe na neno," alimwambia. Mzee alivaa suti.

Kabla sijaendelea, nikueleze chakula chenyewe, usije ukababaika siku yako ikifika. Wachina hukiita huoguo, yaani chungu cha moto. Katikati ya meza kuna jiko, na juu yake chungu cha supu inayotokota. Vyakula huletwa vikiwa vibichi kwenye sahani: nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, samaki, uyoga wa kila namna, tofu, spinachi, kabeji ya Kichina, hata viazi. Unachukua kwa vijiti, unatumbukiza, unangoja, unaopoa, unachovya kwenye bakuli lako la sosi, unakula. Naam, unalipa pesa nyingi kisha unajipikia! Mzee alininong'oneza kwamba laiti angejua, angebaki nyumbani anipikie mimi bure.

Lakini usidanganywe na taa za kifahari na vitambaa vyeupe. Chakula hiki kina asili mbalimbali, na mojawapo ni ya wachapa kazi. Kule Chongqing, mji ulio kando ya mto Yangtze, walikuwa makuli na mabaharia waliochemsha matumbo ya ng'ombe, nyama ambayo wenye pesa hawakuitaka, ndani ya mafuta ya ng'ombe yaliyojaa pilipili na punje za huajiao. Hizo huajiao ni kiungo cha ajabu. Hazichomi, bali hutia ganzi midomo kama sindano ya daktari wa meno. Kule kaskazini, Beijing, chungu ni cha shaba chenye bomba katikati linalotiwa makaa, na nyama ni ya kondoo. Mkahawa mmoja maarufu wa huko, Donglaishun, ulianzishwa mwaka wa 1903 na Mwislamu wa Kichina, na hadi leo unajulikana kwa nyama ya halali. Kumbuka hicho chungu cha Beijing, maanake nitakirudia.

Tulipoketi, tuliletewa orodha ya supu, na hapo ndipo penye kazi. Kuna chungu kilichogawanywa mara mbili, upande mmoja mwekundu kwa pilipili, upande wa pili mweupe. Wachina wamekipa jina la bata dume na jike ambao hawaachani. Kulikuwa na supu ya nyanya, supu ya uyoga, na moja iliyonivutia mno: kuku aliyepikwa kwa maji ya madafu, upishi unaohusishwa na kisiwa cha Hainan. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu ambao kuku wao ni wa tui, mwasemaje?

Nilimwita mhudumu, kijana wa heshima, nikamwuliza, "Mwanangu, katika hizi supu, ni ipi haina chumvi?"

Alisita kidogo. "Mama, nisikudanganye. Karibu zote huja zikiwa zimeungwa tayari. Hata hii nyeupe ina chumvi, na kadiri inavyochemka maji yanapungua, chumvi inabaki."

Nilimtazama binti. Uso ulikuwa umemshuka. Alikuwa ameweka akiba ya siku hiyo, amepiga simu kuhifadhi meza, na sasa ilionekana kana kwamba amemleta babake kwenye kisima cha chumvi. Mzee naye, kwa kumhurumia, akaanza kusema kwamba siku moja haiui mtu. Msomaji, maneno hayo ndiyo yamewajaza wagonjwa hospitalini, lakini ningemwambiaje mbele ya mtoto?

Kijana yule ndiye aliyetuokoa. "Kuna ya maji," akasema. "Maji matupu, tangawizi, vitunguu vya majani na kunazi kavu chache. Ila wageni wetu hawaiagizi sana." Nikakumbuka kile chungu cha shaba cha Beijing, maanake huko ndivyo wanavyofanya hasa: maji na tangawizi, ladha itoke kwenye nyama yenyewe. Ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote pale. Tukaiagiza.

Nikadhani vita vimekwisha. Kumbe hapana! Mkahawani humo kuna meza ya sosi ambapo kila mteja hujichanganyia, na mzee alipotoka huko, bakuli lake lilikuwa jeusi kama oili ya gari iliyokwisha kazi. Sosi ya soya hiyo! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya ya kawaida kina karibu nusu ya kiasi hicho. Mzee alikuwa na vijiko vinne au zaidi, na sosi ya chaza juu yake, ambayo nayo ina chumvi. Nilimchukulia bakuli nikamwekea siki, kitunguu saumu kilichosagwa, dania, pilipili mbichi, na ufuta uliopondwa kijiko kimoja. Sosi ya soya nilimdondoshea matone, kama dawa ya macho. Alinung'unika, akaonja, akanyamaza. Mwanamume akinyamaza mezani, ujue ameshindwa.

Ukienda na watoto, angalia mambo mengine pia. Vijiti vya kushika nyama mbichi visiwe vile vinavyoingia kinywani. Omba jozi ya pili, hawatakataa. Nyama nyembamba ya kondoo huiva kwa muda mfupi, ukiona wekundu umeisha na supu inatokota, opoa. Matumbo, wenyeji wa Chongqing huyachovya na kuyainua, saba juu, nane chini, yasigeuke mpira. Lakini kuku na nguruwe usiwaharakishe hata kidogo, wala usitumbukize sahani nzima kwa mpigo, maanake supu hupoa na nyama hukaa mbichi ndani. Na usimeze kitu kikitoka motoni. Watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema mwaka wa 2016 kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Sisi wapenzi wa chai ya moto tulisikia na kujifanya hatukusikia.

Kisha kuna suala la supu. Sisi tumezoea kwamba supu ndiyo yenye nguvu, na kuimwaga ni dhambi. Ya chungu hiki, ukitaka kuinywa, inywe mwanzoni kabla ya nyama kuingia. Mwishoni imebeba mafuta na chumvi zote za mlo, pamoja na purini zilizotoka kwenye nyama, ambazo mwenye jongo hafai kuzigusa. Mzee alikuwa tayari ameshika upawa. Binti ndiye aliyemshika mkono, akisema, "Baba, hiyo wacha," na wote wawili wakacheka.

Bili ilipokuja binti aliifunika kwa kiganja ili nisiione. Niliiona. Ilikuwa ununuzi wangu wa wiki mbili.

Jumamosi iliyofuata, mzee alitoka kwa mchinjaji na mguu wa mbuzi, akautia kwenye friji ugande nusu ndipo ukatike vyembamba. Akatoa sufuria, tangawizi na vitunguu vya majani. Alitaka kuwasha jiko la makaa mezani sebuleni, awe kama watu wa Beijing, nami nikamkatalia katakata. Makaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa inayoua watu usingizini, na wangapi tumewazika kwa sababu hiyo wakati wa baridi? Tukatumia mtungi mdogo wa gesi, madirisha wazi, na sukuma wiki badala ya kabeji ya Kichina.

Binti alipoingia alikuta sufuria inatokota katikati ya meza, na kando yake ile hotipoti yetu ya zamani, imejaa chapati. Babake alikuwa akitafuta sosi ya soya kila kabati. Nilikuwa nimeificha.