Miaka ya Wokovu Haikomazi Mtu

Katika makanisa yetu ya Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, ushuhuda huanza na mwaka. Mama anasimama, anataja mwaka aliookoka, watu wanashangilia. Anayemfuata akiwa amemtangulia miaka kumi, yule wa kwanza anajiona mdogo hata kabla hajakaa. Aliyeokoka zamani ndiye mkomavu wa kiroho. Akiongezea mfungo wa siku 40, mikesha ya Ijumaa na kunena kwa lugha, anapewa kiti cha mbele, na tangu hapo hakuna wa kumuuliza kitu. Wakatoliki wasicheke: nao wana hesabu yao ya kipaimara, kwaya na uongozi wa jumuiya. Sote tumekubaliana, bila kikao, kwamba mtu akidumu kanisani imani yake itakomaa tu.

Si kweli. Na kama kuna watu wasio na udhuru wa kuamini hivyo, ni sisi wa Rusizi.

Misheni ya Kikatoliki ya Mibilizi, wilayani kwetu, ilianzishwa mwaka 1903. Mwaka 1946 Mfalme Mutara III Rudahigwa aliiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme. Upande wa Waprotestanti, uamsho uliowaka Gahini, mashariki mwa nchi, miaka ya 1930 ulivuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, na lugha ya kuokoka tunayojivunia leo ilienea Afrika Mashariki pamoja nao. Kwa sensa ya 1991, karibu Wanyarwanda tisa kati ya kumi walikuwa Wakristo. Kwa hesabu ya miaka, basi, mwaka 1994 Mibilizi ilikuwa mkongwe wa imani: miaka 91 ya mahubiri, bibi, mama na mjukuu wamebatizwa. Aprili ya mwaka huo, mauaji ya kimbari yalipoanza, Watutsi walikimbilia parokia za Mibilizi, Shangi na Nyamasheke, wakauawa humohumo walimokimbilia. Miongoni mwa waliowajia na mapanga walikuwamo majirani waliokuwa wakisali nao.

Najua jibu linalotolewa hapa, maana limezoeleka: wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Ni jibu tamu kwa sababu linatuacha salama. Lakini mwezi Machi wa mwaka huohuo nani angewanyooshea kidole? Walikuwa na kadi za ubatizo, walitoa sadaka, walijua sala za asubuhi na jioni. Kipimo tulichokuwa nacho kiliwapitisha, na kipimo hichohicho ndicho tunachowapimia wazee wa kanisa hadi leo.

Padri Ubald Rugirangoga aliliona hilo mapema kuliko wengi wetu. Alipadirishwa mwaka 1984, na mauaji ya kimbari yalimkuta akiwa Nyamasheke. Alivuka kwenda Congo. Mama yake aliuawa pamoja na ndugu zake zaidi ya 80, na waumini wake walikuwa upande wa waliouawa na upande wa walioua. Baadaye alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, kisha akawalipia karo ya shule watoto wa mtu huyo. Umati ulimfuata kwa ajili ya maombi ya uponyaji, na hadi kifo chake nchini Marekani, Januari 2021, wengi walimjua kwa hayo. Tunapenda miujiza. Kazi yake nzito zaidi, ile ya parokia ya Mushaka, hapahapa Rusizi, tunaitaja kwa haraka na kupita.

Pale Mushaka, watu walioshiriki mauaji walikuwa wakirudi nyumbani kutoka gerezani, na Jumapili wakitaka kupanga mstari wa komunyo kama kawaida. Kwani walikuwa wamebatizwa, si ndiyo? Padri akasema hapana. Aliyeua alitakiwa kwanza kukaa darasani kwa miezi sita, kama mkatekumeni, mtu mwenye mvi anayeanza upya mafundisho pamoja na wenzake. Alitakiwa pia kwenda kwa familia aliyoiumiza na kuomba msamaha, na mwisho wake upatanisho huo uonekane mbele ya waumini wote. Bila hayo, meza ya Bwana ilimsubiri.

Wapo wachungaji wanaosema huko ni kuiwekea neema masharti. Mchungaji wangu, kwa heshima zote, soma tena Mathayo sura ya 5: anayekumbuka altareni kwamba ndugu yake ana neno juu yake anaambiwa aiache sadaka palepale, aende akapatane kwanza. Zakayo naye aliahidi kuwarudishia mali wale aliowadhulumu, ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo. Dhambi iliyofanywa mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, haiishii kwenye machozi ya mkesha.

Ila nisieleweke vibaya. Mzigo huu ni wa aliyekosa. Nimesikia mahubiri yanayomgeukia manusura na kumwambia kwamba asiposamehe leo bado ni mtoto mchanga wa kiroho. Huo ni ukatili uliovaa joho. Pale Mushaka aliyetumwa kubisha hodi alikuwa mkosaji, na mwenye nyumba alikuwa na haki ya kunyamaza.

Serikali nayo ina dawa yake kwa viongozi wasiokomaa. Sheria ya 2018 iliwataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya teolojia, wakapewa miaka mitano ya kujiandaa, na mwaka 2024 maelfu ya makanisa yalifungwa kwa kutotimiza masharti mbalimbali. Siwalilii manabii wa spika kubwa. Lakini waliosomea teolojia hawakukosekana mwaka 1994, na maaskofu Wakatoliki, wasomi wote, walichukua miaka 22, hadi Novemba 2016, kuomba radhi kwa niaba ya Wakristo walioshiriki maovu yale.

Leo hatushiki mapanga, Mungu ashukuriwe. Tuna mambo madogo, na ndiyo yanayotuumbua. Mzee wa kanisa anasogeza mpaka wa shamba hatua mbili ndani ya migomba ya mjane, na Jumapili anaongoza sifa. Mfanyabiashara anachukua samaki wadogo wa sambaza kwa mkopo, anauza ng'ambo Bukavu, nchini Congo, na mwenye mali akimpigia simu haipokei, eti yuko kwenye maombi. Kanisa linawajua wote wawili. Linasubiri tu watimize miaka.

Makanisa mengi, kabla ya kumsimika mzee, huuliza ameokoka lini, amebatizwa wapi, anatoa zaka? Kamati ziache maswali hayo kwa msimu mmoja. Zitume watu wawili waende kwa jirani anayepakana naye shamba, na kwa mama anayemdai, wasikilize, kisha warudi na majibu kabla jina halijasomwa madhabahuni.